Nati Iliyobaki

Makreti manne yalishushwa Jumatano.
Dereva wa lori akauliza: "Mafriji?"
Nikamwambia ni gari. Akayatazama makreti,
akanitazama mimi, akataka saini yake upesi.

Zuweina alitoka na upawa mkononi.
"Pesa za umra," alisema, akarudi jikoni.
Hajaongeza neno hadi leo,
na kila nikikaza skrubu nauona ule upawa.

Julai, hapa Maabila, mchana si wa binadamu.
Spana iliyosahauliwa juani inakuachia alama ya pasi,
gundi ya bodi inaganda brashi ingali njiani.
Tukawa watu wa baada ya isha:
banda la nyuma, taa mbili,
na feni inayohamisha joto
kutoka kona hii kwenda ile.

Skrubu tumezipanga katika makopo ya halua.
Halua yenyewe tuliila mimi na Shinuna,
kopo baada ya kopo, kwa ajili ya kazi, tulijitetea.
Ndiyo maana ekseli ya nyuma
inanukia iliki na maji ya waridi.

Shinuna ana miaka kumi na minne na ndiye msomaji.
Kitabu ni cha Kiingereza, kurasa mia mbili na kumi;
Kiingereza changu mimi ni cha kuulizia bei.
Anasoma, anakigeuza Kiarabu cha shule,
anachora hewani kitu kinachoruka na kutulia, kuruka na kutulia.
"Aaa," nikasema, "shokamzoba!"
Akacheka mpaka akaushika ukuta.
"Hilo umelitunga, baba."

Sikulitunga. Nililiokota Wete,
chini ya Bedfodi ya mjomba Mbarouk,
nikimshikia tochi, na umri wangu ndio huu wake.
Limelala ndani yangu miaka arubaini
bila kutu.

Nikampa na mengine: rejeta, klachi,
stelingi, bisibisi, gasketi.
Mtoto aliyekuwa akinijibu kwa Kiarabu tangu chekechea
sasa anapiga kelele kutoka uvunguni:
"Lete bisibisi! Siyo hiyo, ile ya nyota!"
Lugha ya bibi yake kaiingilia kwa mlango wa vyuma.
Hajui kuomba chumvi kwa Kiswahili,
ila anajua "kaza, isije ikachezacheza."
Chumvi itangoja.

Biju wa sanaiya alikuja kuchomelea fremu.
Pesa hakutaka. Alitaka picha
ameshika usukani, aitume kwao Kollam.
Gari halina magurudumu, limekalia matofali,
na Biju kainama kidogo, kama mtu
anayekata kona ya mlima.

Wiki ijayo ni ukaguzi wa polisi.
Fomu inauliza: nchi lilikotengenezwa.
Nafasi waliyoacha ni fupi kama ukucha.

Jana usiku tuliliwasha.
Likakohoa. Likakohoa. Likanyamaza.
Mara ya tatu likanguruma,
na paka wa jirani hatujamwona tena.

Zuweina akatoka, safari hii mikono mitupu.
Akalizunguka. Akasema mlango wa kushoto umekaa kombo.
Umekaa kombo kweli.
Kisha akaufungua huo huo, akaketi,
akaweka mkoba mapajani kama mtu aendaye harusini,
akatazama mbele, kwenye ukuta wa banda.

Ndipo Shinuna alipokitikisa kopo la mwisho.
Likalia.
"Baba," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa,
"imebaki nati moja."

Zuweina ni mtu wa Ibri.
Kiswahili kwake ni kelele za mawifi.
Akageuka, akitabasamu, uso ambao sikuuona tangu makreti:
"Anasema nini?"

"Anasema," nikamjibu, "kaza mkanda."